Nani Analipia Upepo? Historia ya Bima na Kodi ya Nyumba Florida

Wengi wetu tunaosoma fasihi ya Wamarekani weusi tuliifahamu Florida kupitia Zora Neale Hurston kabla hatujaitafuta kwenye ramani. Riwaya yake ya 1937, Their Eyes Were Watching God, inafika kileleni kusini mwa Ziwa Okeechobee, kwenye udongo mweusi wenye rutuba, ambako vibarua wa mashamba ya maharage wanaona dalili za kimbunga na bado wanabaki. Humo hakuna kibarua mwenye bima. Ndiyo maana huwa nairudia kila mjadala wa bima ya nyumba unapopamba moto huku. Inaonyesha bili ya kimbunga inavyolipwa pale ambapo hakuna karatasi yoyote iliyosainiwa: inalipwa na aliye chini.

Nasema "huku" kwa sababu naishi Florida, mwaka wa tisa sasa, upande wa Tampa. Ukikutana na Waswahili wenzako kwenye harusi au msiba, mkishamaliza salamu na habari za nyumbani, swali linalofuata ni, "Bima yako imefika ngapi?" Florida ni miongoni mwa majimbo yenye bima ya nyumba ghali kabisa Marekani, na kodi ya majengo nayo imepanda pamoja na bei za nyumba. Watu wanalaumu kampuni za bima, mawakili, gavana, matajiri waliohamia kutoka New York, mabadiliko ya tabianchi. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Ila mimi nadhani inabidi turudi nyuma miaka mia moja, kwenye ahadi ambayo jimbo hili liliwauzia watu, na kwenye swali ambalo ahadi ile haikulijibu: upepo ukija, nani atalipa?

Kwanza nieleze mambo yanavyokwenda, kwa faida ya msomaji wa Dar anayekatwa kodi ya jengo kidogo kidogo kila akinunua umeme wa LUKU. Hapa wengi hununua nyumba kwa mkopo wa miaka 30. Riba unaweza kuifunga isibadilike mpaka mwisho. Lakini malipo yako ya kila mwezi yana vipande vinne: deni lenyewe, riba, kodi ya majengo na bima. Mara nyingi benki hukusanya hivyo viwili vya mwisho kwenye akaunti ya pembeni, halafu inavilipa kwa niaba yako. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa nyumba ile ile, kwa riba ile ile, na bado malipo yakapanda kila mwaka. Bima nayo huwezi kuikataa maadamu unadaiwa. Ukiiacha ikakatika, benki itakukatia nyingine, ghali zaidi, inayoilinda benki kuliko inavyokulinda wewe, na bili utaletewa wewe.

Sasa turudi nyuma.

Mwaka 1924 wapiga kura wa Florida waliingiza kwenye katiba yao marufuku ya kodi ya mapato na kodi ya mirathi. Nia ilikuwa kuwavuta matajiri wa kaskazini. Njoo kwenye jua, njoo na fedha zako, hakuna atakayegusa pato lako wala urithi wa wanao. Na kweli walikuja. Wakati ule ardhi ya Florida ilikuwa inauzwa kama vitenge vya sikukuu. Watu wa Chicago na Boston walinunua viwanja kwa posta bila kuviona, wakalipa arubuni tu, halafu wakamuuzia mwingine ile haki ya kununua kabla awamu ya pili ya malipo haijafika. Miami Beach, ambayo leo tunaiona kwenye sinema, ilikuwa kisiwa chembamba cha mikoko. Carl Fisher, tajiri wa Indiana aliyetajirikia kwenye taa za magari, alikata mikoko ile akaijaza nchi kwa mchanga uliochotwa chini ya ghuba. Hata Charles Ponzi, yule ambaye jina lake limebaki kuwa jina la utapeli wa kuwalipa wa mwanzo kwa fedha za wanaofuata, alikuja Florida baada ya kuharibikiwa Boston, naye akauza viwanja vya kinamasi.

Ahadi ya 1924 ilikuwa na upande wa pili ambao wauzaji wa viwanja hawakuusema. Serikali isiyogusa mapato lazima iguse kitu kingine, maana shule zinahitaji walimu na barabara zinahitaji lami. Mzigo ukaegemea kwenye mali isiyoweza kukimbia, yaani nyumba na ardhi, na baadaye, kuanzia 1949, kwenye kodi ya mauzo ambayo kila mtu analipa dukani, tajiri na masikini kwa kiwango kimoja. Lakini hata kodi ya nyumba ilianza kutobolewa mapema. Mwaka 1934, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu wanapokonywa nyumba kwa kushindwa kulipa kodi, wapiga kura walikubali dola 5,000 za mwanzo za thamani ya nyumba anayoishi mwenyewe zisitozwe kodi. Wakati ule nyumba nyingi zilikuwa hazifiki hata thamani hiyo. Msamaha huo upo mpaka leo, umepanda tu kiwango. Mantiki yake ya huruma inaeleweka. Ila kumbuka kwamba kila anaposamehewa mmoja, mzigo unahamia kwa mwingine.

Halafu upepo ukaja. Tarehe 18 Septemba 1926 kimbunga kiliipiga Miami usiku wa kuamkia asubuhi. Wageni wengi walikuwa hawajawahi kuona kitu kama kile. Jicho la kimbunga lilipopita juu ya mji na hewa ikatulia, watu walitoka nje wakidhani yameisha. Wengine walianza hata kuvuka daraja la kwenda bara. Ukuta wa pili wa upepo ukawakuta barabarani. Walikufa zaidi ya watu 300. Biashara ya viwanja, ambayo tayari ilikuwa imeanza kuyumba, ikaanguka moja kwa moja. Kilichonishangaza niliposoma habari za wakati ule ni kwamba walikuwapo wafanyabiashara na viongozi walioona kuomba msaada hadharani ni hatari kuliko kimbunga chenyewe, kwa sababu kungewatia hofu wanunuzi. Afadhali mwathirika akose blanketi kuliko kiwanja kikose mteja.

Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Septemba 1928, ikaja ile ambayo Hurston aliiandika. Boma la udongo lililokuwa limezuia Ziwa Okeechobee lilipasuka, na maji yakawapitia watu wa mashambani usiku. Hesabu rasmi ya leo inasema walikufa watu wasiopungua 2,500. Wengi wao walikuwa vibarua weusi, wengine kutoka Bahamas, waliokuja kulima na kuvuna. Majeneza yalikuwa machache, yakatengwa kwa wazungu. Katika mji wa West Palm Beach, maiti 674 za weusi zilifukiwa kwenye shimo moja, na shimo lile lilikaa miongo mingi bila hata kibao. Hurston anaionyesha hali hii kwenye riwaya yake bila kupiga kelele: wanaume weusi wanalazimishwa kwa bunduki kuchimba makaburi na kuchambua maiti kwa rangi, wakati maiti zenyewe zimeharibika kiasi kwamba rangi haijulikani tena. Mimi naisoma sehemu hiyo kama daftari la hesabu. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, waliopata faida ya mavuno. Walioilipia hasara walikuwa watu wasiomiliki hata vibanda walivyolala.

Baada ya hapo Florida ilipata vimbunga vingine, ila pia ilipata bahati. Kuanzia kimbunga Betsy cha 1965, eneo la Miami lilikaa miaka 27 bila kupigwa na kimbunga kikubwa. Hicho ni kizazi kizima. Na ndicho kizazi kilichojenga. Mwaka 1950 jimbo lilikuwa na watu wasiofika milioni 3. Leo wamepita milioni 21. Viyoyozi viliifanya Julai ivumilike, barabara kuu zikafika, wastaafu wakaja na pensheni zao, mikoko ikazidi kukatwa. Kampuni za bima nazo zilikuwa zinaandika mikataba bila wasiwasi mkubwa. Zilipanga bei kwa kuangalia hasara za miaka ya karibuni, na miaka ya karibuni ilikuwa mitulivu.

Hapa naomba nitumie mfano wetu wa kawaida. Bima, neno lililotujia kutoka lugha za India, kwa asili yake haina tofauti na chama cha kufa na kuzikana. Kila mwezi tunatoa mchango. Akifiwa mmoja, tunamzika kwa fedha za wote. Chama kinaishi kwa sababu hatufi wote siku moja. Bima ya moto na ya wizi ni hivyo hivyo, kwani nyumba yangu ikiungua ya jirani mtaa wa tatu iko salama. Kimbunga kinavunja kanuni hiyo. Kinapiga kaunti nzima kwa usiku mmoja, wanachama wote wanafiwa pamoja, na mweka hazina anakuta sanduku halitoshi hata kwa sanda.

Agosti 1992 hilo likatokea. Wimbi la hewa lilitoka pwani ya Afrika Magharibi katikati ya mwezi, likavuka Atlantiki, na alfajiri ya tarehe 24 likawa kimbunga Andrew kilichoipiga Homestead na Florida City, kusini mwa Miami. Nyumba zaidi ya 60,000 ziliteketea kabisa. Paa ziliruka, na wakaguzi walipopita baadaye walikuta nyingine zilikuwa zimeshikizwa vibaya mno, misumari ikiwa michache au imekosa mbao. Sheria za ujenzi zilikuwapo. Usimamizi ndio ulikuwa umelala.

Kuna kisa cha Karen Clark ambacho kila anayesoma historia ya bima hukutana nacho. Mama huyu alikuwa ameanzisha kampuni ya kukadiria hasara za majanga kwa kompyuta: unatengeneza maelfu ya vimbunga ambavyo vingeweza kutokea, unavipitisha juu ya nyumba zilizopo leo, halafu unahesabu. Wakubwa wa bima walikuwa hawamsikilizi sana. Saa chache baada ya Andrew kutua, alituma faksi akisema hasara ya kampuni za bima inaweza kupita dola bilioni 13. Watu waliona hesabu hiyo haiwezekani. Malipo yaliishia takribani bilioni 15.5. Kampuni kadhaa zilifilisika, na kubwa kabisa zilizobaki zilitambua kwamba miaka yote ile zilikuwa zinauza kitu chini ya gharama yake.

Nadhani tangu siku hiyo Florida ilipata kwa mara ya kwanza bei ya kweli ya upepo wake. Na tangu siku hiyo siasa yake imekuwa namna ya kuikwepa bei hiyo.

Kampuni zilitaka kuondoka au kupandisha. Serikali ikazizuia kufuta mikataba kwa wingi, na mwaka 1993 ikaunda mfuko wa jimbo wa kuzisaidia kampuni kimbunga kikubwa kikitokea. Huko Bermuda zikazaliwa kampuni mpya za bima mtawanyo, yaani kampuni zinazozikatia bima kampuni za bima. Ni chama cha vyama. Tangu hapo mwenye kibanda cha vyumba viwili Florida ameunganishwa na masoko ya fedha ya dunia. Fedha zikiadimika kule, kwa sababu ya tetemeko au mafuriko ya nchi nyingine kabisa, barua ya bei mpya inamfikia yeye.

Kwa wale waliokataliwa na kila kampuni, jimbo lilikuwa na vyombo vyake, na mwaka 2002 viliunganishwa kuwa Citizens Property Insurance Corporation, shirika la umma ambalo ni kimbilio la mwisho. Shirika hilo lina kipengele ambacho wageni wengi hawakijui. Likiishiwa fedha baada ya kimbunga, sheria inaliruhusu kutoza watu wengine wenye bima jimboni, hata bima ya gari. Jambo hilo si nadharia tu. Mwaka 2004 vilipita vinne mfululizo, Charley, Frances, Ivan na Jeanne. Mwaka 2005 vikaja vingine, vikiishia na Wilma. Shirika likapungukiwa, tozo ikawekwa, na ikadumu hadi 2015. Yaani mhudumu wa hoteli anayeishi nyumba ya kupanga katikati ya jimbo, mali yake kubwa ni gari kuukuu, alikuwa anachangia fidia ya jumba la ufukweni ambalo hata kwenye baraza lake hajawahi kuketi.

Mwaka 2007, wakati wa Gavana Charlie Crist, wanasiasa walishusha bei za shirika hilo. Wananchi walishangilia, nani hapendi bili ndogo? Na bahati ikawabeba: kutoka Wilma, Oktoba 2005, hadi Septemba 2016, hakuna kimbunga hata kimoja kilichotua Florida. Kumbe kampuni kubwa za kitaifa zilikuwa zinajipunguza kimya kimya, na nafasi zao zikachukuliwa na kampuni ndogo za humu humu jimboni, zenye mtaji mwembamba, zinazoishi kwa bima mtawanyo ya kukopa mwaka hadi mwaka.

Kisha vikaja Irma 2017 na Michael 2018, pamoja na wimbi la kesi. Sheria ya tangu 1893 ilimtaka bima anayeshindwa mahakamani alipe gharama za wakili wa mwenye nyumba, wakati mwenye nyumba akishindwa halipi za upande wa pili. Mwanzoni ilikuwa ngao ya mnyonge, na hadi leo wapo wanaosema ndivyo ilivyokuwa. Lakini mafundi wa paa na mawakili walijifunza kuitumia: fundi anabisha hodi, anakuambia paa lako lina dhara, saini hapa nitadai mimi, na kesi inafunguliwa. Wasimamizi wa bima wa jimbo walionyesha kwamba Florida ilikuwa na chini ya asilimia 10 ya madai ya bima ya nyumba Marekani, lakini zaidi ya asilimia 70 ya kesi zake. Kampuni zilishikilia takwimu hizo kama msahafu. Wakosoaji wakajibu kwamba watu hushtaki kwa sababu wamenyimwa fidia yao. Wote wana hoja. Desemba 2022 bunge la jimbo liliifuta sheria ile, miezi michache baada ya kimbunga Ian kuifagia Fort Myers Beach na mwaka ambao kampuni kadhaa zilifilisika.

Mwaka uliofuata nami nilipata barua. Kampuni nitaiacha bila jina. Paa langu lilikuwa na miaka 17, halivuji, lakini niliambiwa nilibadilishe la sivyo mkataba hautaendelea. Sheria ya 2022 iliniruhusu kumleta mkaguzi kuthibitisha kwamba paa bado lina miaka isiyopungua mitano ya uhai. Alipanda, akapiga picha, akaandika. Nikaachiwa, kwa bei mpya. Nilipousoma mkataba vizuri nikaona kwamba kwa kimbunga nitabeba mwenyewe asilimia 2 ya thamani iliyokatiwa bima kabla wao hawajatoa senti. Na mafuriko hayamo kabisa. Mafuriko yana bima yake nyingine, iliyoanzishwa na serikali kuu mwaka 1968, na katika Ian wengi walijua hilo maji yakiwa sebuleni.

Kodi nayo ina mwaka wake, na kwa sadfa ni ule ule wa Andrew. Novemba 1992, mabaki ya Homestead yakiwa bado barabarani, wapiga kura wa Florida walipitisha marekebisho ya katiba yanayojulikana kama Save Our Homes. Kuanzia 1995, thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi, ukiwa unaishi mwenyewe, haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka au kasi ya mfumuko wa bei, ipi ndogo. Ukiuza, mnunuzi anaanza upya kwa bei ya soko.

Tuchukue mfano. Nyumba iliyothaminiwa dola 100,000 mwaka 1995, hata ingepanda kwa kiwango cha juu kila mwaka bila kukosa, mwaka 2022 isingefika 225,000 kwenye daftari la kodi. Nyumba pacha yake iliyonunuliwa 2022 kwa 400,000 inaanza kwa thamani ya soko. Majirani wawili, ukuta mmoja, lori moja la taka, shule moja, na mmoja analipa karibu mara mbili ya mwenzake. Na wapangaji, ambao hawana kinga hiyo, wanalipa kupitia kodi ya pango bila kuiona bili yenyewe.

Mimi na jirani yangu ndio mfano wenyewe. Yeye ni mwalimu mstaafu, mama mweusi aliyezaliwa humu humu, amenunua kabla ya 1995. Kodi yake ni ndogo kuliko yangu kwa mbali, na siwezi kumwonea kijicho, maana bila kinga hiyo angeshahamishwa zamani. Lakini nyumba yake haina deni, hivyo hakuna benki ya kumlazimisha, na bima ilipopita uwezo wa pensheni yake aliiacha. Aliniambia kwa utani kwamba sasa bima yake ni maombi. Sikucheka. Kodi imemlinda asihame, bima imemwacha wazi. Kimbunga kimoja kikiikamata nyumba yake, miaka yote ile ya kulipa itakuwa imeishia kwenye kiwanja kitupu, na mnunuzi wa kiwanja kitupu hakosekani Florida.

Kuahirisha gharama hakukuwa kwa serikali peke yake. Tarehe 24 Juni 2021, jengo la ghorofa 12 la Champlain Towers South, mji wa Surfside, liliporomoka usiku na kuua watu 98. Lilijengwa 1981. Wahandisi walikuwa wameshaonya kuhusu zege lililoharibika, na wenye nyumba walikuwa wamevutana kwa miaka kuhusu matengenezo kabla ya kukubali mchango wa dola milioni 15 miezi michache kabla. Mwaka uliofuata jimbo likalazimisha ukaguzi wa majengo ya zamani na akiba ya matengenezo. Ni sheria nzuri, iliyoandikwa kwa damu. Ila iliwashukia wastaafu wenye kipato kisichobadilika, ambao waliletewa kwa mkupuo gharama ambazo zilipaswa kulipwa kidogo kidogo tangu miaka ya themanini.

Tangu 2023 kasi ya bei za bima imepungua, na kampuni mpya zimeingia sokoni. Vilivyokuja 2024, Helene na Milton, vilitukumbusha kwamba bahari haifuati kalenda ya bunge. Maji ya Ghuba yamekuwa ya moto zaidi, na vimbunga vinaongezeka nguvu haraka zaidi kuliko wazee walivyozoea. Hata hivyo hata bahari ingebaki vile vile, nyumba zilizo mbele yake zimeongezeka mara nyingi tangu 1926. Upepo ule ule leo ungekuta mengi zaidi ya kuvunja.

Mwaka 2025 Gavana Ron DeSantis alianza kusukuma wazo la kufuta kodi ya majengo kwa nyumba ambayo mwenyewe anaishi. Itahitaji marekebisho ya katiba na kura za asilimia 60. Naelewa kwa nini linapendwa. Mimi mwenyewe ningefaidika. Lakini nikilisoma naona kivuli cha 1924. Kodi hiyo ndiyo inayolipa zimamoto, polisi, walimu, na mitaro ya maji ya mvua, yaani vitu vile vile tunavyovikimbilia kimbunga kikija. Bili ikiondolewa mlango wa mbele itaingia kwa wa nyuma, labda kama kodi kubwa ya mauzo, na hiyo atailipa hata mpangaji anayenunua mkate.

Ndiyo maana nawashauri wapenzi wa fasihi waisome tena ile riwaya ya Hurston, safari hii wakiwa na kalamu ya mhasibu. Mwandishi mwenyewe alifariki 1960 katika mji wa Fort Pierce, pwani ya Florida, akiwa hana kitu, akazikwa bila jiwe la kaburi mpaka Alice Walker alipokuja kumwekea mwaka 1973. Alijua anachokiandika kuhusu watu wa bondeni. Wakati wake walikuwa wachuma maharage. Leo naona wapangaji, wastaafu walioacha bima, wahudumu wa hoteli wenye magari makuukuu, na ndiyo, wageni wa miaka tisa wenye mkopo wa miaka 30. Kila mwaka ifikapo Juni 1, msimu wa vimbunga unapofunguliwa, wanasiasa wanatuuliza tunataka bei ipi. Swali la nani wa kulipa wanalinyamazia, kwa sababu ukiliuliza kwa sauti inabidi uanze na kile kiwanja kilichouzwa kwa posta, na uendelee mpaka jumba la ufukweni, jina kwa jina.